Nimlilie baba kwa desturi ya nani?

Swali

Shikamoo mama. Nina miaka 33, naishi Mikindani, nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Baba yangu alikuwa Mdigo wa Likoni, Mwislamu. Mama alikuwa Mtaita, Mkristo, na alifariki zamani. Waliachana nikiwa na miaka saba, nikalelewa na nyanya mzaa mama kule Wundanyi. Niliporudi Mombasa kutafuta kazi nilimtafuta baba, na kwa miaka kumi hivi akawa ananipigia simu kila Ijumaa, nami nikawa navuka feri kwenda kumwona mara moja kwa mwezi. Yeye peke yake ndiye aliyeniita jina la Kiislamu alilonipa nilipozaliwa.

Alifariki alfajiri moja, miezi minane iliyopita. Habari nilizipata saa nne, foleni ya feri ikanikwamisha, nikafika tusi la kumbebea maiti limeshaondoka. Nikaambiwa nikae ndani, wanawake hawaendi makaburini. Nilipolia, shangazi mmoja akaninyamazisha, akasema namwadhibu marehemu. Siku ya tatu nikarudi Mikindani. Kwetu Wundanyi waliuliza maiti itaagwa lini. Walipoambiwa ameshazikwa wakasema, mtu gani huzikwa kama anayefichwa? Wenzangu wa jumuiya kanisani walitaka kuja na nyimbo, nikawazuia, sikujua kama inafaa. Sasa nalia ndani ya matatu nikisikia harufu ya udi. Dada zangu wa upande wa baba huniita "mgeni wetu". Mama wa kambo alitaka kunipa kofia ya baba, nikamwambia nitaijia siku nyingine, na sijaenda. Je, nina haki ya kumlilia mtu ambaye hakunilea, kwa desturi nisizozijua? Na mimi ni wa wapi?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Miezi minane imepita, lakini naona bado hujapata pole yako. Kule Likoni ulipewa pole ya mgeni, kule Wundanyi ukapewa pole yenye lawama ndani, na ya kanisani uliizuia mlangoni. Basi ipokee hii kwanza, halafu tuzungumze.

Swali la haki nalijibu mara moja: unayo. Haikutoka kwa shangazi, haikutoka kwa wazee wa Wundanyi, wala haitoki kwangu. Najua jibu hilo halikutoshi, maana lingetosha ungeshajipa mwenyewe. Kinachokukaba kiko katika lile swali uliloliacha mwisho kana kwamba ni nyongeza: mimi ni wa wapi? Umeyaandika kama maswali mawili. Mimi kila nikirudia barua yako nayaona ni moja.

Mtoto aliyelelewa Likoni akifiwa na baba, Udigo wake hauyumbi. Ana shangazi, ana majirani, ana chuo cha Kurani alichosoma akiwa mdogo, ana lugha aliyogombana kwayo na wenzake tangu utotoni. Amepoteza mzazi, na huo ni msiba mzito, lakini mahali pake papo. Wewe ulikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia kule, nao ulikuwa ni yeye. Kidigo unachokijua ni kile ulichokisikia kinywani mwake. Lile jina lako, ambalo naamini halimo katika cheti chako cha ubatizo, alikuwa akiliita yeye tu, na Ijumaa simu haiiti tena. Kwa hivyo siku moja ulifiwa mara mbili, na la pili hakuna aliyekuja kukuhani kwa ajili yake, kwa sababu hakuna aliyelijua. Huenda hata wewe hukulijua. Ndiyo maana huelewi kwa nini unamlilia hivi mtu uliyemwona mara moja kwa mwezi.

Mwaka 1989 mwanazuoni wa Marekani, Kenneth Doka, aliupa jina msiba wa namna hii. Alisema kuna majonzi ambayo jamii haimpi mtu ruhusa ya kuyaonyesha: ya mtalaka aliyefiwa na mume wa zamani, ya mwanamke aliyeharibikiwa mimba, ya mpenzi asiyejulikana nyumbani kwa marehemu. Huzuni ipo, lakini haina mkeka wa kukalia matangani. Katika kazi hii ya kuwasikiliza watu niliyoifanya hapa Mombasa, wengi niliowaona wakiwa na huzuni isiyo na mkeka ni watoto wa nyumba mbili kama wewe. Mji wetu umejaa ndoa za Mgiriama na Mkamba, Mswahili na Mluo, Mdigo na Mtaita, na harusi zake tunazishangilia kwa vigelegele. Sijawahi kumsikia mtu akiwauliza maharusi: mmoja wenu akifa, ataoshwa na nani, atazikwa wapi, na watoto wenu watakaa upande gani wa nyumba? Wazazi wako hawakuulizwa. Swali hilo wamekuachia wewe.

Mimi nilizaliwa Majengo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi mrefu katikati na ua nyuma. Mama yangu Mbajuni, baba Mkamba aliyeletwa Mombasa na kazi ya reli. Chumba cha mbele walikaa fundi cherehani wa Kiluo na mkewe. Nilipokuwa na miaka kama tisa, mtoto wao wa kwanza alikufa kwa homa. Walimpeleka kwao Nyanza, safari ya siku mbili wakati huo, na chumba chao kikafungwa kufuli. Mama na wanawake wa nyumba ile wakatandika mikeka ukumbini wakaweka matanga siku tatu. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na jamaa hata mmoja wa marehemu, na wafiwa wenyewe walikuwa njiani hawajui. Majirani walikuja, kahawa ikapikwa, watu wakapeana pole. Nilimuuliza mama tunamlilia nani na wenyewe hawapo. Akasema, "Wao wamekwenda kumzika kwao. Sisi twamlilia kwetu." Yule mama wa Kiluo aliporudi na kuambiwa, alikaa chini pale pale ukumbini akalia upya, na mama akakaa naye. Wazee husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nimeisikia maisha yangu yote, na kila nikiisikia nauona ule ukumbi, na siikubali.

Sasa twende kwenye yaliyokuumiza, maana mengi yake ni watu wema kutojua lugha ya msiba ya wenzao.

Wazee wa Wundanyi waliposema baba amezikwa kama anayefichwa, walikuwa wakisema kwa desturi yao. Kwa Wataita wa zamani kuzika hakukuwa jambo la siku moja hata kidogo. Mtu alizikwa, kisha baada ya muda kama mwaka kichwa chake kilifukuliwa na kupelekwa kwenye pango la ukoo, kikapangwa na vya waliomtangulia. Mapango hayo bado yapo milimani, na mafuvu yamo. Ukristo ulikomesha desturi hiyo, lakini fikra iliyokuwa nyuma yake haikwisha: aliyekufa haondoki upesi, huagwa taratibu, na ukoo wote huwa na sehemu yake. Kwa mtu aliyekulia katika fikra hiyo, maiti kutoka nyumbani saa chache baada ya roho kutoka ni jambo la kutisha.

Kwa upande wa baba yako mambo ni kinyume, na mapenzi ni yale yale. Kumharakisha maiti ni kumkirimu. Anaoshwa na watu wake wa karibu, anavishwa sanda, anatiwa karafuu maiti, anaswaliwa, anapelekwa. Kumweka wiki mbili kwenye jokofu la hospitali huku kamati ikichanga, kwa mzee wa Likoni, ni kumtesa. Hakuna aliyemficha baba yako. Walimheshimu kwa namna wanayoijua, na haraka yao ndiyo iliyokunyima wewe kumwona. Yote mawili ni kweli, na huna haja ya kulitetea moja kwa kulikana jingine.

Nchi hii inajua ugomvi wa namna hiyo unaweza kufika wapi. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi Desemba 1986, mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Kiluo, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, na maiti ikakaa miezi mitano mpaka ukoo ukashinda na akazikwa Mei 1987. Nilikuwa msichana, na nakumbuka watu wazima wakibishana kila siku kama Otieno alikuwa Mluo au mtu wa kisasa wa Nairobi. Kila upande ulitaka awe kitu kimoja. Mahakama ilikuwa na kaburi moja tu la kumpa, kwa hivyo ilibidi ichague. Wewe hujakufa. Hakuna hakimu anayekungoja uchague.

Kuhusu kulia. Shangazi yako alinena alichofundishwa, na ninaamini hakukusudia kukuumiza. Lakini hicho hakiwezi kuachwa kikae moyoni mwako kama hukumu ya dini. Mtume Muhammad mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akasema jicho linatokwa na machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kinachokatazwa ni kujipiga, kurarua nguo na kupiga mayowe ya kukataa kadari. Hata lile la maiti kuadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake, Bibi Aisha, mke wa Mtume, alipolisikia aliwarekebisha waliolisimulia. Na katika Injili unayoisoma wewe, Yesu alilia akielekea kaburi la Lazaro, na alikuwa akijua atamfufua. Machozi yako hayakumdhuru baba yako kwa kitabu chochote unachokijua wewe au alichokijua yeye.

Jambo linaloniumiza zaidi katika barua yako ni lile tusi kukupita. Umeachwa na kifo ambacho hukukiona kikitokea, na akili ina ugumu wa kuamini isichokiona. Nimewaona watu wa namna hiyo wakiendelea kungoja simu kwa miaka. Maiti hutaiona tena, lakini kisa chake bado unaweza kukipata, na nakuomba ukitafute. Mwendee kaka yako mmoja, au mtu mzima yeyote aliyeshughulika siku ile, umwambie: nisimulie baba alivyozikwa. Mwambie asikimbie, akusimulie tangu alfajiri. Nani alikuwa naye roho ikitoka. Nani walimwosha. Muosha maiti ana amana ya kusitiri aliyoyaona, kwa hivyo usimuulize juu ya mwili. Muulize walisema nini, nani alilia, nani alishindwa kushika kata. Uliza nani aliingia kaburini kumpokea na nani alimtia mwanandani, ule uwazi wa ndani ya kaburi anamolazwa maiti. Uliza mvua ilikuwapo au jua. Andika ukitaka.

Kisha omba upelekwe kaburini. Kumfuata maiti na kuzuru baadaye ni mambo mawili tofauti. Wako wanazuoni wengi wanaoona mwanamke anaweza kuzuru akiwa na adabu zake, na wako wasiopenda. Mwache kaka yako aulize imamu wake, naye akupeleke asubuhi ya siku ya kawaida. Jifunge mtandio, usibishane na mtu pale. Utakapofika utajua amelalaje, kwa sababu hilo halibadiliki: kwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla. Na kutoka hapa kwetu Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Maana yake ni kwamba baba yako, akiwa Likoni, ameelekezwa upande wa kisiwa, upande ule unaotokea wewe ukivuka feri.

Sasa lile la wewe ni wa wapi. Nadhani unaamini kwamba wenzako wote wana jibu moja safi, na wewe peke yako ndiye uliyechanganyika. Hebu watazame hao unaowaona ni kitu kimoja. Waswahili wa Mombasa, wenye mji, wanajiita Thenashara Taifa: mataifa kumi na mawili, matatu ya Kilindini, Changamwe na Tangana, na mengine tisa yenye watu waliotoka Pate, Faza, Shaka, Ubajuni na kwingineko. Umoja wao umeandikwa ndani ya jina kwamba ni wengi. Vuka Nyali uende Frere Town, ilikoanzishwa kambi ya kanisa mwaka 1875 kwa watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa: Wayao, Wanyasa, Wamakua, wengi wao wakiwa hawajui tena wazazi wao wamezikwa wapi. Wakaanza na makaburi mapya. Wajukuu wao leo ni watu wa Pwani kama mtu mwingine yeyote wa Pwani.

Na Wadigo wenyewe, watu wa baba yako, wa zamani walihesabu ukoo kwa mama. Mali ya mwanamume ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Uislamu ulipokita ukaja na hesabu ya baba, na ugomvi kati ya wana na wapwa ulisumbua familia nyingi kwa vizazi. Yaani ungezaliwa miaka mia mbili iliyopita, wazee wa Kidigo wangesema wewe ni mtu wa kwa mama yako, na hawangekuwa wakikufukuza. Leo wanasema mtoto ni wa baba. Kama wao wameishi na hesabu mbili na bado ni Wadigo, sioni kwa nini wewe usiweze.

Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa mji huu, aliandika maisha yake yote juu ya Mwafrika mwenye urithi wa aina tatu, wa asili yake, wa Uislamu na wa Magharibi, ndani ya kifua kimoja. Alifia Marekani Oktoba 2014, akarudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui karibu na Fort Jesus. Huwa nayapita makaburi hayo nikitoka Mji wa Kale, na huwaza watoto wake walioishi mbali, wakiwa na kaburi la baba mahali ambapo wao hawakukulia. Wako wengi kama wewe, mwanangu, hata katika nyumba zenye majina makubwa.

Utaniuliza, basi nifanye nini, niandae kumbukumbu moja, niwakusanye wote, imamu na mchungaji, Likoni na Wundanyi? Wengi siku hizi hupenda hivyo na ninajua nia yao ni njema. Mimi sikushauri. Nimehudhuria kumbukumbu za kuchanganya na mara nyingi kila mtu hukaa akijizuia, Mwislamu hajui asimame wapi nyimbo zikianza, mzee wa bara anangoja picha ya marehemu na haipo, na mfiwa anazunguka akiomba radhi kwa wote wala halii. Wape kila watu sehemu yao mahali pao.

Waambie wenzako wa jumuiya waje kwako Mikindani, jioni moja. Waimbe. Wanakuja kwa ajili yako, mfiwa, na hilo halimgeuzi marehemu dini yake. Waeleze alikuwa Mwislamu, waombe wasimhubiri, na uwape nafasi wakubebe kidogo. Ulipowazuia mara ya kwanza ulikuwa ukimlinda baba, naelewa, lakini ulijinyima wewe.

Kwa nyanya yako, kama yu hai, au kwa mkubwa yeyote aliyebaki pale, nenda ukakae siku mbili. Wao hawakupata kumuaga mkwe wao. Ndoa ilivunjika, ndiyo, lakini aliwazalia wewe. Mpikie nyanya, muulize anakumbuka nini juu ya baba yako kabla ya kuachana. Inawezekana hutapenda utakachosikia, kwa sababu mtu aliyekuacha na miaka saba hakukosa dosari, na barua yako haina hasira hata kidogo, jambo ambalo limenifanya niisome mara mbili. Kama hasira ipo, nayo ni sehemu ya msiba. Huwezi kumlilia mtu nusu tu, yule wa simu za Ijumaa, ukamwacha yule ambaye hakuja Wundanyi hata mara moja.

Likoni nitalirudia mwisho.

Usijipime kwa zile hatua tano ambazo kila mtu anazitaja, kukataa, kukasirika, na kadhalika. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alipozieleza mwaka 1969 alikuwa akizungumzia wagonjwa wanaokabili kifo chao wenyewe, na baadaye ndipo zilipobebeshwa wafiwa kama ratiba. Karibu zaidi na ninayoyaona ni waliyosema Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, saa hii yuko ndani ya msiba, saa ile yuko ndani ya maisha, na afya yake iko katika kule kwenda na kurudi. Watu wa pwani tunalijua hilo kwa kuwa tunaishi na maji kupwa na kujaa. Ule udi ndani ya matatu ni maji kujaa. Wewe ulikuwa na baba mwenye harufu, na pua ina kumbukumbu ndefu kuliko akili. Shuka kituo kinachofuata kama ni lazima, lia, panda nyingine.

Lakini kuna wakati maji hujaa yasipwe. Shirika la Afya Duniani linautambua msiba uliokwama kuwa ni maradhi yanayotibika, pale ambapo hamu na uchungu wa marehemu vinamtawala mtu karibu kila siku kwa zaidi ya miezi sita, vimemwondolea uwezo wa kazi na maisha, na vimevuka mno desturi za jamii yake. Hapo mwisho ndipo mtu kama wewe anapopata taabu: jamii ipi? Moja ilikupa siku tatu, nyingine ilingoja mwaka. Kwa hiyo acha hesabu ya siku uangalie maisha. Unakula? Unalala? Kazi inakwenda? Ukijikuta huwezi kuamka, unajilaumu kwa foleni ya feri kila usiku, au unatamani kumfuata, usingoje barua yangu ya pili. Nenda hospitali ya serikali iliyo karibu nawe uulize idara ya afya ya akili, na umwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo.

Suala la urithi hukuliuliza, nami siliingii zaidi ya kusema kwamba mtoto asiye Mwislamu huwa na hali yake mahsusi katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, na likizuka mwone wakili kabla ya kugombana na ndugu zako. Ndugu ni hao tu ulionao.

Sasa Likoni. Dada zako wanakuita mgeni wetu, na kwetu mgeni ni jina la heshima: hupewa kiti, kikombe kizuri na mkate wa mayai. Kinachokuuma ni kwamba mgeni haoshi vyombo. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya tatu uliondoka. Sikulaumu, kwani hukujua kama kuna jembe lako. Lakini undugu wa watu wetu unaingiliwa kwa mlango wa uani, jikoni, na hakuna atakayekuita huko kama hujajileta. Mwezi wa Ramadhani peleka futari, mbaazi za nazi na mahamri, hata kama wewe hufungi, na ubaki kuosha sufuria. Mwaka ukitimia huenda wakasoma hitima, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu, huenda wasisome, maana siku hizi wako wanaoiona haifai na ndani ya nyumba moja hutofautiana. Usiwe na rai katika hilo. Kama wanapika, wewe fika jana yake ukakate vitunguu. Utakapokuwa umeinama juu ya sinia la vitunguu pamoja na dada zako, hakuna atakayeuliza kwa nini macho yako yana machozi, na hapo ndipo watu huanza kusimulia. Waulize Kidigo cha maneno aliyopenda kusema baba. Waambie lile jina alilokupa. Inawezekana hawalijui.

Na ile kofia. Nadhani hukuikataa kwa haya. Ulihofu kwamba ukiichukua utakuwa umekiri kwamba hayupo, na kwamba umepewa kitu cha mtoto huku moyoni ukijiona si mtoto wa pale. Mama yako wa kambo aliiona haki yako kabla wewe hujaiona. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya eda siku zile, miezi minne na siku kumi asitoke, na katikati ya msiba wake alimkumbuka binti wa mke mwenzake. Eda imekwisha sasa, na nyumba ya mjane huwa kimya sana watu wakishaondoka.

Mpigie kesho. Usitume ujumbe, mpigie, umuulize siku ipi imfaa. Vuka feri asubuhi na mapema, foleni ikiwa fupi. Akikuuliza umekuja kwa nini, mwambie umeijia ile kofia, kisha kaa, usiipokee na kuondoka.